Tathmini ya Mafunzo ya Kuendesha Mikutano Mjini Lamu: Yanafaa, Ila Kijitabu Kiandikwe Upya

Kwa viongozi wa vikundi wanaoulizana kama mafunzo ya kuendesha mikutano yanayotolewa katika mtaa wa Langoni yana thamani ya ada yake, jibu langu ni kwamba yana thamani kubwa, mradi mshiriki asikitegemee sana kijitabu anachokabidhiwa mlangoni. Niliyahudhuria mimi nikiwa katibu wa kikundi cha wavuvi na wachuuzi wa samaki, pamoja na mwenyekiti wetu, na nimeona ni vyema kuyaeleza kwa kina kwa sababu vikundi vyetu vingi havina fedha za kutupa, na kiongozi anayetaka kutumia akiba ya wanachama kwa mafunzo anapaswa kujua mapema atakachokipata na atakachokikosa.

Mafunzo huchukua siku mbili za mwisho wa juma. Wakufunzi ni wawili: mwalimu mstaafu aliyesomesha Kiswahili kwa miaka mingi, ambaye washiriki wote walimwita Maalim, na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ukaguzi wa vyama vya ushirika. Washiriki wa awamu yetu walitoka katika kamati za maji, vikundi vya akina mama, kamati za misikiti na vikundi vya usimamizi wa fuo, na wengine walivuka kutoka Mokowe na hata Faza. Mchanganyiko huo ulikuwa faida, kwa kuwa kila mmoja alikuja na maradhi ya vikao vya kwao.

Haja ya mafunzo kama haya katika kaunti yetu haihitaji kubuniwa. Mtu mzima mmoja wa Lamu anaweza kuwa mjumbe wa kamati nne au tano kwa wakati mmoja. Kanuni za mwaka 2007 zilizoweka vikundi vya usimamizi wa fuo zililifanya kusanyiko la wanachama wote kuwa chombo cha kuamua mambo makubwa ya ufuo, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba yake. Katiba hizo zote zimejaa neno mkutano. Zaidi ya hayo, watu wa Lamu wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba mkutano ulioendeshwa ovyo, au ule ambao haukufanyika kabisa, huja kuulizwa mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, na ushirikishwaji wa wananchi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyopimwa. Mnamo Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, na hapo pia upungufu wa kuwashirikisha wananchi ulikuwa sababu kubwa. Katika mashauri ya namna hiyo maswali ni yale yale: nani aliitisha mkutano, nani aliuendesha, watu walielezwa nini, wao waliuliza nini, na yako wapi maandishi yake.

Maalim alianza na vitenzi, na kwa maoni yangu somo hilo la kwanza peke yake linatosha kuhalalisha nusu ya ada. Aliandika ubaoni kuitisha, kufungua, kuhutubia, kusimamia, kuongoza na kuendesha, kisha akamtaka kila mshiriki aeleze ni kipi kati ya hivyo ambacho mwenyekiti wa kikundi chake hukifanya. Wengi tulijibu kwamba mwenyekiti hufanya vyote. Ndipo alipotuonyesha kwamba ugomvi mwingi wa vikao vyetu hutokana na mtu mmoja kuzikumbatia kazi zote hizo bila kujua kwamba ni kazi mbalimbali.

Kuitisha mkutano ni kazi ya mwenye mamlaka ya kuwakusanya watu. Yeye hutoa ilani, hutaja mahali na saa, na hueleza jambo linalokusudiwa, na mara nyingi katiba ya kikundi humpa katibu kazi hiyo kwa idhini ya mwenyekiti. Kwa vyama vya ushirika, Sheria ya 1997 inataka ilani ya maandishi ya siku zisizopungua 15 kabla ya mkutano mkuu, na mkufunzi wetu wa pili alisisitiza kwamba mkutano ulioitishwa vibaya hauponi hata ukiendeshwa vizuri namna gani. Kufungua na kuhutubia anaweza kupewa mgeni wa heshima, ambaye akishamaliza hotuba yake hana haki ya kumpa wala kumnyima mtu nafasi ya kusema. Kusimamia ni kuangalia kwamba jambo linafuata kanuni, kama afisa wa ushirika anavyosimamia uchaguzi wa kamati ambayo yeye mwenyewe si mwanachama wake. Anayesimamia husimama kando ya jambo. Kuongoza ni kutangulia huku wengine wakifuata, kama mtu anavyoongoza msafara katika njia anayoijua yeye. Kuendesha ni kukifanya kitu kiende, na kitu hicho chaweza kuwa gari, mashine, biashara, kesi au kikao.

Hapa nina tofauti ndogo na Maalim. Alitaka tuamini kwamba kusema fulani ameongoza mkutano ni kosa. Mimi sioni kosa. Magazeti, redio na wasemaji wazuri wa Kiswahili husema aliongoza kikao kila siku, na msikilizaji huelewa mara moja kwamba huyo ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Vitenzi viwili hivi vimezoeleka vyote na mwandishi ana hiari ya kuchagua. Lililo la kweli katika hoja yake ni kwamba anayejiona anaongoza huelekea kuamini kuwa anajua mwisho wa safari kabla ya wengine, ilhali mkutano huitishwa kwa sababu uamuzi bado haujapatikana. Kwa mwenyekiti mgeni, kuendesha ni kitenzi salama zaidi, kwa kuwa humkumbusha kwamba kinachokwenda ni kikao.

Baadaye Maalim aliandika sentensi mbili, moja chini ya nyingine: «Mwenyekiti anaendesha mkutano» na «Mwenyekiti anatuendesha». Ukumbi mzima uliguna, kwa sababu hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Sentensi ya kwanza inaeleza kazi, na ya pili ni malalamiko. Kitenzi ni kile kile, mtendaji ni yule yule, na kilichobadilika ni yambwa tu, yaani kinachotendewa: mahali pa mkutano wamekaa watu. Mtu anayeendeshwa ni mtu anayepelekwa mbio, anayeamrishwa asipotaka, anayefanywa chombo. Maalim hakuishia hapo. Alitugawa katika makundi na kila kundi likaorodhesha maneno ambayo mwenyekiti akiyasema huhama kutoka sentensi ya kwanza kwenda ya pili. Orodha yetu ilikuwa na «jambo hili nimeshaliamua, nawajulisha tu», «nani anapinga?» likisemwa kwa sauti ya kutisha, na «tusipoteze wakati» likiambiwa mwanachama ambaye ndiyo kwanza ananyanyua mkono. Niliyatambua yote. Nimeyaandika katika kumbukumbu za vikao zaidi ya mara moja, nikiyapamba ili yasisomeke vibaya, na tangu siku hiyo nimeacha kuyapamba.

Baada ya nadharia yalifuata mazoezi, na hayo ndiyo moyo wa huduma hii. Viti vilipangwa nusu duara, mmoja wetu akakalia kiti cha mwenyekiti, na waliobaki wakapewa vikaratasi vyenye tabia za kuigiza: mzee asiyemaliza maneno, kijana anayesema kwa hasira, mwanachama anayenong'ona na jirani yake, mama mwenye hoja nzuri asiyethubutu kuisema. Jambo la kuamuliwa lilikuwa kama fedha za kikundi zinunue friza ya kuhifadhia samaki au zikarabati mashua.

Mwenyekiti wetu, mama wa makamo ambaye kwa kawaida husema kwa upole, aliwekwa mbele ya mzee asiyemaliza maneno. Aliyeigiza mzee alikuwa mzee kweli, na aliigiza kwa ustadi: akaanza na friza, akaingia kwenye nyavu za juya, akafika kwenye bei ya mafuta, akarudi enzi za utoto wake. Jaribio la kwanza la mwenyekiti lilikuwa kunyamaza na kusubiri, nasi tukaona jinsi nyuso za wengine zilivyoanza kugeukia dirishani. Mkufunzi akasimamisha zoezi na kumuuliza mwenyekiti anadhani ana wajibu kwa nani wakati ule. Akajibu, «Kwa mzee, kwa kuwa ni mkubwa wangu.» Mkufunzi akamwambia, «Una wajibu kwake, na una wajibu kwa wale ambao hawajafungua mdomo. Tafuta maneno yatakayowatosha wote.» Zoezi likaanza upya. Mara hii mwenyekiti alimwacha mzee afike mwisho wa sentensi, akainamisha kichwa kidogo, akasema: «Ami, tumekusikia, na suala la nyavu katibu ameliandika ili lisipotee. Niruhusu nimpe nafasi mwenzetu ambaye hajasema, kisha nitakurudia.» Mzee akakaa. Hakukuwa na kengele, saa ya mezani wala mkono ulionyooshwa kumzuia. Alichokipata mzee ni mambo matatu anayoyahitaji mtu yeyote aliyekatizwa: uthibitisho kwamba alisikika, uthibitisho kwamba neno lake limeandikwa, na ahadi ya kurudiwa. Na mkufunzi alihakikisha kwamba ahadi ile ilitimizwa, akieleza kuwa mwenyekiti anayesema «nitakurudia» bila kurudi hataaminiwa mara ya pili.

Zoezi la yule mama asiyethubutu kusema lilinigusa kwa namna nyingine. Katika vikao vyetu vingi wanawake hukaa nyuma au upande wao, na mwenyekiti anayetazama mbele tu huuendesha mkutano wa nusu ya wanachama. Tulifundishwa kuuliza kwa mpangilio badala ya kuuliza kwa jumla, maana «kuna mwenye swali?» hujibiwa na wale wale kila siku. Anayeendesha kikao aseme kwamba sasa anasikiliza wachuuzi, kisha wenye vyombo, kisha mabaharia. Na akiona upande mmoja umenyamaza, asiuvuke upande huo mpaka amewapa muda wa kushauriana. Katika mazoezi yetu hoja iliyobadilisha uamuzi ilitoka hapo, kwa mama aliyeuliza nani atalipa umeme wa friza miezi ya upepo wa kusi ambapo samaki huadimika.

Somo la kura lilikuwa fupi mno kwa uzito wake. Kijitabu kinasema, bila maelezo, kwamba kura zikilingana mwenyekiti ana kura ya kuamua. Washiriki kadhaa waliliandika hilo kama sheria ya nchi, nami nililazimika kunyanyua mkono. Ibara ya 122 ya Katiba ya Kenya inasema kwamba Spika hana kura katika Bunge, na kura zikilingana hoja huwa imeshindwa. Kwa hiyo si kweli kwamba kila anayekalia kiti ana kura ya ziada. Katika chombo kikubwa kuliko vyote vya kutunga sheria nchini, anayeendesha kikao hana hata ya kwanza. Katika vyama vya ushirika kanuni ni kura moja kwa kila mwanachama bila kujali wingi wa hisa zake. Kikundi kinachotaka mwenyekiti wake awe na kura ya kuamua kinapaswa kuliandika jambo hilo waziwazi katika katiba yake, na kisicholiandika kisilidhanie. Mkufunzi wa pili alikubali marekebisho hayo palepale na kuyaandika ubaoni, jambo ambalo namsifu kwalo, lakini kijitabu kitaendelea kuwaambia wengine vingine mpaka kichapishwe upya.

Na sasa niseme kuhusu kijitabu chenyewe, kwa sababu ndicho kitakachobaki mikononi mwa washiriki baada ya sauti za wakufunzi kusahaulika. Kwa jumla kimefuata kanuni zilizoasisiwa na Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani ambaye alitakiwa kuendesha mkutano wa kanisa huko New Bedford mwaka 1863, akashindwa kuudhibiti, akaamua kujifunza jambo hilo hadi akachapisha kanuni zake mwaka 1876. Ni kanuni zenye hekima nyingi, na wazo lake kuu, kwamba jambo moja tu lijadiliwe kwa wakati mmoja, lingeweza kuokoa nusu ya vikao vyetu. Tatizo ni kwamba aliyekiandika kijitabu amebeba maneno ya Kiingereza jinsi yalivyo na kuyavika Kiswahili. Mshiriki anasoma kwamba «kiti kinamtambua mjumbe», kwamba mjumbe «apewe sakafu», na kwamba hoja «ikiwekwa mezani» mjadala wake husimama. Msomaji wa Lamu hajui kiti kinachotambua watu. Sisi tuna viti vya enzi vya mpingo katika makumbusho yetu, vilivyokaliwa na watu wenye heshima zao, na hata hivyo hakuna aliyewahi kusema kwamba kiti ndicho kilichonena. Mwenyekiti ndiye anayempa mtu nafasi, na mtu hupewa nafasi, hapewi sakafu.

Maneno hayo mawili ni kero tu. Lile la mezani ni hatari. Katika desturi ya Marekani, kuiweka hoja mezani maana yake ni kuiahirisha. Katika desturi ya Uingereza, ambayo Bunge letu limeirithi, jambo linalowekwa mezani ni jambo linalowasilishwa ili lishughulikiwe. Viongozi wetu husikia taarifa za Bunge kila wiki na wameizoea maana ya pili. Mwenyekiti atakayekifuata kijitabu ataahirisha jambo huku wanachama wakidhani amelifungua, na ugomvi utakaozuka hapo hautatatuliwa na kitabu chochote. Kiswahili kina kuahirisha na kina kuwasilisha. Aliyekiandika angetumia hayo mawili na shida isingekuwapo. Vivyo hivyo maneno akidi, ajenda, hoja ya nidhamu, yatokanayo na mengineyo yamezoeleka katika vikao vyetu kwa muda mrefu, na ningetamani kuyaona yakifafanuliwa kwa mifano kuliko kusoma tafsiri mpya ya kila moja.

Upungufu wa pili ni kwamba ratiba ya mafunzo imeandaliwa kana kwamba mikutano yote duniani huanza saa tatu asubuhi na kuishia wakati wa chakula cha mchana. Vikao vya kwetu huanza baada ya alasiri na hukabiliwa na magharibi. Mwenye kuendesha kikao cha Lamu ana takriban saa mbili na nusu, na katika hizo lazima atoe nafasi ya Fatiha, ya salamu zisizoweza kurukwa bila kuwavunjia watu heshima, na ya wale wanaotoka visiwa vya jirani ambao chombo chao kinategemea maji. Wavuvi nao huangalia bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, kabla ya kukubali tarehe yoyote. Hakuna hata ukurasa mmoja unaomfundisha mwenyekiti kupanga ajenda ndani ya muda huo, ipi itangulie na ipi isogezwe, na nini cha kufanya adhana inapotolewa huku kura bado inahesabiwa. Tulilizungumza jambo hili wakati wa chai, na washiriki wenyewe ndio waliofundishana: uamuzi mzito uwekwe katikati, kamwe usiwe wa mwisho, kura isianzishwe ikiwa muda wa kuihesabu haupo, na taarifa zisizohitaji uamuzi ziandikwe na kusambazwa kabla, zisisomwe kikaoni. Hayo yalistahili kuwa somo rasmi.

Vilevile mafunzo yanadhani kwamba watu wanakuja mkutanoni bila mazoea ya kuzungumza pamoja. Sisi tumekulia kwenye baraza za mawe nje ya nyumba, ambako mazungumzo ya kila jioni hayana mwenyekiti na bado hayavurugiki, kwa sababu umri, ujuzi na ukoo humwonyesha kila mtu zamu yake. Mazoea hayo yana uzuri wake, na yana mpaka wake pia, kwa kuwa barazani hakuna fedha za watu wa kugawa wala uamuzi wa kuwafunga wasiokuwapo. Mwenyekiti wa kwetu anahitaji kufundishwa ni wakati gani aache mazungumzo yaende kwa desturi ya baraza na ni wakati gani ayarudishe kwenye ajenda. Wakufunzi wote wawili ni wenyeji na wanalijua hili kuliko mimi; ni mtaala wao ambao haujawaruhusu kulisema.

Somo la kumbukumbu za kikao, lililofundishwa alasiri ya siku ya pili, ni zuri sana na natamani lingepewa muda mrefu zaidi. Mkufunzi alitupa kikao kimoja cha kuigiza kisha akatutaka makatibu wote tuandike kumbukumbu zake, naye akazisoma kwa sauti. Tofauti zilikuwa kubwa kiasi cha kutisha. Mmoja aliandika «wanachama walijadili suala la friza kwa kirefu na wakakubaliana», sentensi ambayo haimwambii msomaji chochote anachoweza kukifuatilia. Mwingine aliandika kwamba ilipendekezwa friza inunuliwe, pendekezo likaungwa mkono, wanachama wangapi walikubali na wangapi walikataa, nani alipewa kazi ya kutafuta bei, na siku gani atarudi na majibu. Mkufunzi alieleza kwamba kitenzi kizuri cha kumbukumbu ni kile chenye mtendaji: aliyependekeza, aliyeunga mkono, aliyepewa kazi, aliyepinga. Wingi wa «ilisemekana» na «ilionekana» ni dalili ya kikao ambacho hakikuendeshwa na mtu. Alitufundisha pia kutenganisha waliohudhuria, waliotoa udhuru na wasiohudhuria, na kutothibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita kabla hazijasomwa, hata kama wajumbe wana haraka. Kwa kikundi ambacho siku moja kitaulizwa kama kilishirikishwa katika mradi fulani, karatasi hizo ndizo zitakazozungumza.

Kuhusu mengine sina maneno mengi. Ukumbi uko ghorofani, una upepo mzuri kutoka baharini, lakini ngazi zake ni nyembamba na mwinuko wake ni mkali kwa wazee, na waandaaji wanapaswa kuwaeleza watu kabla. Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki, kwa wakati, na cha kutosha. Nafasi ya swala ilitolewa bila watu kuomba. Ada ya shilingi 1,500 kwa mshiriki ni ya haki kwa siku mbili zenye chakula na chai, ingawa kwa wanaotoka Pate na visiwa vya mbali nauli ya boti na mahali pa kulala huifanya gharama kuwa mara kadhaa ya hiyo. Waandaaji wangefanya jambo la maana kuyapeleka mafunzo Faza au Kizingitini angalau mara moja kwa mwaka.

Ushauri wangu kwa vikundi ni kuwapeleka mwenyekiti na katibu kwa pamoja. Kikundi kimoja katika awamu yetu kilimleta mwenyekiti peke yake, na katika kila zoezi ilionekana wazi kwamba nusu ya anachojifunza kinamtegemea mtu aliyebaki nyumbani, kwa sababu mwenyekiti hawezi kuahidi kwamba neno la mzee limeandikwa ikiwa mwandishi hajui kwamba hilo ndilo la kuandikwa. Waende na katiba ya kikundi chao, si nakala ya mwaka jana iliyosahaulika kwenye kabati, wailinganishe na kila kipengele cha kijitabu kuhusu akidi, ilani na kura, na pale vinapopingana waifuate katiba. Wasiwe na haya ya kumkatiza mkufunzi kwa adabu anapokwenda haraka. Wote wawili wanapenda kuulizwa.

Kikundi chetu kimefanya vikao tangu tuliporudi, na mabadiliko ninayoyaona ni ya kawaida lakini ni ya kweli. Ajenda inabandikwa ukutani kwenye banda la samaki kabla ya siku ya mkutano. Mwenyekiti anasema machache kuliko zamani, na watu wanaosema wameongezeka, hasa upande wa wachuuzi. Alipokuwa na maoni makali kuhusu bei ya barafu, alimwomba makamu wake akalie kiti kwa muda, akasema kama mwanachama wa kawaida, kisha akarudi kwenye nafasi yake baada ya kura, ambayo ilikwenda kinyume na alivyotaka yeye. Awamu ijayo tutawapeleka makamu na mweka hazina, na nimewaambia wabebe kalamu ya kukisahihisha kijitabu tangu ukurasa wa kwanza.